Ukuta wa Mita Tatu

Ofisini walimwita Sentimita, na hata yeye alikuwa ameshazoea kuitika. Jina hilo alilipata alipokuwa bado mgeni kazini, siku alipomlazimisha dereva wa ofisi kugeuza gari katikati ya safari kwa sababu dirisha moja kwenye ramani yake lilikuwa limesogea upana wa kidole. Dereva alimnunia wiki nzima. Lakini Sentimita hakuwa mtu wa makuu wala wa kutafuta sifa. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni udadisi. Akiona ufa ukutani, lazima ajue umeanzia wapi. Akiona ngazi inayoishia kwenye dari, usingizi hauji mpaka ajue ni nani aliyekuwa akiipanda, na alikuwa akienda wapi.

Kwa bahati nzuri kazi yenyewe ilimfaa. Wakala aliofanyia kazi ulikuwa wa serikali, na shughuli yake ilikuwa kuhuisha mitaa mikongwe ya mji. Walikuwa wakichukua mtaa mmoja baada ya mwingine. Wapimaji wanaingia kwanza, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, wahandisi wanafuata, kisha kikao kinakaa na kuamua. Nyumba inayohitaji ukarabati wa kawaida inapigwa alama ya kijani mlangoni. Inayotaka kuimarishwa inapata ya njano. Ile iliyochoka hoi inapata nyekundu, maana yake ivunjwe, ijengwe nyingine. Ndiyo maana wakazi walikuwa wakimwona tu mtu wa Wakala ameshika kopo la rangi, roho inawaruka, hata kama yeye anapita zake kwenda mtaa wa tatu.

Nyumba moja ya pembeni mwa mtaa ilikuwa inaelekea kwenye nyekundu. Ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, paa moja, milango miwili ya mbele iliyopeana mgongo kama watu waliogombana. Mhandisi aliyeipitia haraka haraka alikuwa ameandika kwamba kuta za ndani zimelowa kuanzia chini, pengine msingi umekwisha. Kilichobaki kilikuwa vipimo tu, kikao kitie muhuri, mambo yaishe.

Sentimita alifika asubuhi pamoja na mwenzake, jitu refu lenye mikono mirefu ambaye ofisi nzima ilimwita Ngazi, kwa kuwa ndiye aliyebeba ngazi na pia kwa kuwa alifanana nayo. Wakaanza na mlango wa kushoto.

Aliyewafungulia alikuwa bibi mmoja mwembamba, mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa ule na kwa hiyo hakumwogopa yeyote kati yao. Mtaa mzima ulimwita Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Tumetoka Wakala. Tunaomba kupima."

"Marahaba. Pimeni, lakini mvue viatu. Kama mtaivunja mtaivunja, ila leo nimepiga deki."

Walipima sebule, wakapima vyumba viwili vya kulala, wakapima jiko. Kwenye chumba cha nyuma Sentimita akakuta zulia limetundikwa ukutani, kubwa, kutoka juu mpaka chini. Akaliinua pembeni. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, lipu imevimba kama mkate, na ukiugusa kidole kinarudi na maji.

"Tangu lini, Shangazi?"

"Tangu zamani hizo. Maji hayo yanatoka kwao." Shangazi alielekeza kidevu upande wa pili, kama mtu anayeonyesha jalala. "Wanamwaga makusudi. Usiku ukilala hapa unayasikia, tone, tone, tone. Na asubuhi ndege. Wamefuga njiwa humo ndani, watu wazima na akili zao!"

"Kwao ni kwa nani?"

"We pima tu, mwanangu."

Wakatoka, wakavaa viatu, wakaenda mlango wa kulia. Huko mwenyeji alikuwa mzee mnene wa kifua, dereva wa treni mstaafu, aliyezungumza kwa sauti ya juu kana kwamba injini bado inanguruma nyuma yake. Aliishi na mwanawe na mkwewe. Huyo watoto wa upande wa kushoto walimwita Mjomba walipomtaja, ingawa walimtaja kwa nadra, na kusalimiana naye hawakuthubutu.

Kwenye chumba cha nyuma cha Mjomba palikuwa na bati lililogongomewa ukutani kwa misumari. Nyuma ya bati, ukungu uleule, maji yaleyale.

"Maji ya kwao hayo!" Mjomba akanguruma. "Sijui wamepanda mboga, sijui wamepanda nini, kila kukicha wanamwagilia. Na wamefuga ndege! Nimenyamaza kwa sababu mimi si mtu wa shari."

Mkwewe, aliyekuwa mlangoni, alikohoa kidogo na kuangalia pembeni.

Sentimita alimtazama Ngazi, Ngazi akamtazama Sentimita.

*

Jioni hiyo ofisini Sentimita aliketi kwenye kompyuta kuchora alichopima. Akaweka nyumba ya kushoto, akaweka nyumba ya kulia, akaweka ukuta wa nje unaozunguka zote mbili. Sebule zikagusana vizuri, ukuta kwa ukuta. Lakini nyuma ya sebule mambo yakakataa. Chumba cha nyuma cha Shangazi kiliishia hapa, cha Mjomba kikaanzia kule, na katikati kukabaki mahali peupe. Alihesabu tena. Peupe palepale.

Akamwita Mkuu wa kitengo, mtu mpole ambaye meza yake ilikuwa imejaa nyumba zinazosubiri.

"Huo ni ukuta mnene," Mkuu akasema. "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo."

"Ukuta wa mita tatu, Mkuu? Hata gereza haliwi na ukuta hivyo."

"Basi umekosea kupima."

Neno hilo lilimchoma. Mtu mwingine angelipuuza, akajaza mistari myeusi kwenye ile sehemu nyeupe na kwenda nyumbani. Sentimita alikwenda nyumbani kweli, lakini hata alipokuwa akiosha vyombo alikuwa akipiga hesabu, mpaka mumewe akamuuliza kama sahani ile anaiosha au anaipima.

Kesho yake akarudi na Ngazi. Wakapima upya, taratibu, kila mmoja akisoma namba kwa sauti. Jibu likawa lilelile. Ndipo Sentimita akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu wa kazi. Akakunja tepu, akakaa kwenye kiti jikoni kwa Shangazi, akauliza kama mtu na shangazi yake.

"Shangazi, nyuma ya ukuta ule wenye zulia kuna nini?"

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama.

"Kuna chumba cha marehemu baba. Alikuwa fundi saa. Hakuwa na duka. Alifanyia kazi humo katikati ya nyumba, chini ya dirisha la paa, kwa sababu alitaka mwanga wa kutoka juu. Chumba kilikuwa na milango miwili, mmoja huku, mmoja kule. Alipofariki tulikubaliana tusubiri msiba upoe, halafu tugawane vitu vyake taratibu. Basi siku moja, msiba haujapoa, nasikia humo ndani kishindo, vitu vinaburutwa. Naenda kufungua mlango wangu, haufunguki. Umezibwa kwa ndani. Punde nikasikia anagonga tofali! Kaka yangu wa tumbo moja. Amehamisha vitu vyote, amejichukulia chumba, mimi amenifungia nje." Akapuliza makapi. "Nikamwita mwashi, nami nikaziba upande wangu. Kama hataki nione, basi sitaki kuona. Tangu siku hiyo salamu ikaisha."

"Kwa hiyo chumba kiko kwao."

"Kiko kwao. Wanafugia njiwa."

Sentimita akashukuru, akaingia mlango wa kulia, akamuuliza Mjomba swali lilelile. Mjomba alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetoa treni kituoni.

"Chumba cha baba! Nilikuwa nimekaa hapahapa, siku za msiba, nikasikia kishindo na vitu vinaburutwa. Nikakimbilia mlango wangu, nausukuma, mzito kama mlima. Kaegemeza kabati kwa ndani! Dada yangu mdogo niliyembeba mgongoni! Anahamisha vitu vya baba, mimi nisimwone. Nikasema, sawa. Nikaleta tofali nikaziba mwenyewe kwa mikono hii, na yeye hakuona haya, nikamsikia naye anajenga kwa ndani ili ajisitiri vizuri."

"Kwa hiyo chumba kiko kwao?"

"Sasa kiko wapi kingine?"

Sentimita alitoka nje akasimama barabarani, katikati ya milango miwili, tepu mkononi. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu kabla ya mwalimu. Ilimjia kwamba kwa miaka yote ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuingia milango yote miwili na kuuliza swali moja. Watu wawili walikuwa wamenyang'anywa chumba kimoja, na hakuna hata mmoja aliyekichukua.

"Ngazi," alisema, "weka ngazi."

*

Paa lilikuwa limezungukwa na ukingo wa mawe, kwa hiyo ukiwa chini huoni kitu. Sentimita alitambaa kwenye mabati, Ngazi akimshika kiunoni kwa kamba na kumwombea kimoyomoyo. Gata, ule mfereji unaokusanya maji ya mvua kati ya miteremko miwili ya paa, ulikuwa umeoza na kukatika. Ulikuwa unamwaga maji yote ya paa kubwa namna ile mahali pamoja. Na mahali penyewe palikuwa dirisha la paa, ambalo kioo chake kilikwishavunjika zamani. Limebaki shimo la mraba.

Shimo lilikuwa limejaa majani.

Hakuelewa mara moja. Alidhani upepo umeyakusanya. Alipoyagusa, jani moja likavutika na kurudi mahali pake, likiwa hai, limeshikamana na tawi. Akapenyeza tochi katikati ya majani. Chini kabisa, mbali, aliona shina lililonyooka likitoka gizani, na ndege wawili wakaruka usoni pake kwa kelele. Ngazi akaivuta kamba kwa nguvu, Sentimita akakaa kitako kwenye bati.

"Kuna nini?" Ngazi akauliza, macho yamemtoka.

"Kuna mti," akajibu Sentimita, na akaanza kucheka. "Ndani ya nyumba kuna mti."

Alipiga picha na simu, akashuka nazo. Hapo ndipo aligundua kwamba kuona ni rahisi kuliko kuaminiwa. Shangazi alivaa miwani, akaitazama picha, akasema ni ujanja wa Mjomba, amepanda mti ili kuficha. Mjomba aliitazama picha akasema, "Si nilikwambia wanamwagilia?"

Mkuu wa kitengo yeye hakubisha. Aliikuza picha mpaka ikawa vitone vitupu, akajikuna kichwa. "Kama maji yanatoka juu," alisema polepole, "basi huenda msingi haujambo." Akatoa ruhusa ukuta uvunjwe, ili ijulikane kabla ya kikao.

Sasa uvunjwe upande gani? Hapo pakawa na kazi. Shangazi alisema kwake havunji mtu, avunje aliyechukua. Mjomba alisema vivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Sentimita alikuwa akitoka mlango huu anaingia ule kama mshenga wa posa ngumu, na kila upande ulimpa chai, mpaka tumbo likawa linacheza. Mwishowe akasema kitu kilekile pande zote mbili:

"Basi nitaleta waashi wawili. Wataanza pamoja, pigo kwa pigo. Atakayekuwa ameficha kitu ataonekana."

Wote wawili walikubali papo hapo, kwa furaha, kila mmoja akiwa na hakika kwamba atakayeumbuka ni mwenzake.

*

Siku ya kuvunja familia zote zilikuwapo. Ngazi alikaa upande wa Shangazi. Sentimita alikuwa kwa Mjomba, kofia ngumu kichwani, na Mjomba kando yake amevaa koti lake la zamani la treni, vifungo vyote vimefungwa.

Zulia likashushwa, bati likang'olewa. Nyundo zikaanza. Tofali zilikuwa zimelowa kiasi kwamba hazikutoa mlio wa tofali, zilitoa mlio wa udongo. Zilipokwisha, ukajitokeza mlango wa mbao, rangi ya kijani ya zamani, kitasa bado kipo. Mwashi akausukuma. Mzito kama mlima, kama Mjomba alivyosema.

"Kabati," Mjomba akanong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza Sentimita kumsikia akinong'ona.

Mwashi akaukata mlango ubao kwa ubao. Nyuma yake palikuwa na mgongo wa kabati kweli, limelalia mlango kwa uzito wake wote. Wakalisogeza kwa mitaimbo. Mwanga wa kijani ukaingia chumbani kwa Mjomba, na harufu ya udongo baada ya mvua.

Sentimita aliingia wa kwanza, kwa sababu ilikuwa kazi yake kuhakikisha usalama, na kwa sababu asingeweza kusubiri hata kama angefungwa kamba. Mti ulikuwa umeota katikati ya sakafu, palipokuwa na tundu la kutolea maji. Shina lake lilitosha kukumbatiwa na mtu mmoja. Matawi yalikuwa yamepanda juu kutafuta shimo la paa, yakatandaa chini ya mabati kama dari ya pili. Ukutani, upande mmoja, palikuwa na meza ndefu ya kazi, na mizizi ilikuwa imezunguka miguu yake miwili. Juu ya meza kulikuwa na saa. Saa za ukutani, saa za mezani, saa za mkono zilizogeuka uvimbe wa kutu, koleo ndogo ndogo, bisibisi zisizozidi urefu wa sindano, zote zimepangwa kama fundi alivyoziacha alipoinuka. Hakikukosekana kitu.

Upande wa pili kifusi kikaporomoka, vumbi likatimka, Ngazi akakohoa. Vumbi lilipotulia, Shangazi alikuwa amesimama kwenye uwazi, ameshika ukingo wa mlango. Mjomba alikuwa nyuma ya Sentimita. Katikati yao kulikuwa na mti.

Kisha Shangazi akaiona meza.

"Hukuchukua," alisema.

"Nichukue nini?" Sauti ya Mjomba ilikuwa imepasuka. "Wewe ndiye... si wewe?"

"Mimi? Mimi nilikuwa jikoni, napikia watu wa msiba."

Wakageuka wote wawili wakamtazama Sentimita, kwa hasira kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyeviweka vile vitu pale. Naye hakuwatazama. Alikuwa ameinua kichwa, anasoma chumba. Juu ukutani kulikuwa na tundu ambamo boriti ya dari ilikuwa imelazwa. Akafuata kwa macho mstari wa kuanguka kwake, mpaka kwenye kifusi alichosimama Ngazi. Boriti yenyewe ilikuwa pale, ncha moja imeoza, imetafunwa na maji. Akaenda kulitazama kabati. Pembeni lilikuwa na jeraha pana, mbao zimepondeka, na kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na mkwaruzo mrefu kutoka lilipokuwa limesimama mpaka lilipolalia mlango.

"Njooni muone," alisema, akasahau hata kusema tafadhali. "Gata lilikuwa limeshaanza kuvuja. Maji yalikuwa yanakula ncha ya boriti hii taratibu. Siku hiyo ikakatika. Ikaangusha dari, dari ndiyo iliyoziba mlango wa Shangazi. Na boriti ilipoanguka ikalipiga kabati hapa, kabati likasukumwa, likaburuzika mpaka mlangoni kwa Mjomba. Kishindo, halafu kuburutwa. Mlisikia kitu kimoja, kwa wakati mmoja. Humu hamkuwa na mtu."

Ndege mmoja akalia juu. Shangazi akaketi palepale kwenye kifusi, na gauni lake safi, asijali. Akaweka kiganja mdomoni.

"Nilimzika mume wangu," alisema, "na wewe uko ukuta wa pili. Nikasema moyoni, akija nitamfukuza. Hukuja."

"Nilisimama mlangoni," Mjomba akasema. "Mlango wa mbele. Nilivaa koti hilihili. Nikasikia watu wengi ndani, nikasema, nikifukuzwa mbele za watu itakuwaje? Nikarudi."

Shangazi alimtazama sana. Watoto wake walikuwa wamejaa nyuma yake.

"Kaka," alisema, "wewe ni mjinga."

"Najua."

"Na mimi pia."

Mjomba akauzunguka mti, polepole, akishika shina kwa mkono mmoja kama anayeshika bomba la kupandia behewa. Alipofika kwa dada yake hakujua afanye nini, basi akavuta kigoda cha baba yao kilichokuwa chini ya meza, akakikalia karibu naye. Kigoda kilichooza kikasambaratika, naye akaenda chini mzimamzima, miguu juu. Shangazi akaangua kicheko cha ghafla, kikachanganyika na kilio, hata haikujulikana kipi kimeanza. Mkwe wa Mjomba akakimbilia kumwinua mkwewe, binti ya Shangazi naye akakimbilia, wakashikana mikono juu ya yule mzee, wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo kamba moja mbali na nyingine tangu mmoja alipoolewa, wakaamkiana kwa mara ya kwanza.

Sentimita akatoka nje, akasimama kwenye baraza la Mjomba. Alikuwa amekuja kutafuta mita tatu. Aliona haya kidogo kwa jinsi alivyokuwa amefurahia kuzipata, kama vile ameshangilia mchezo ambao wengine walikuwa wakiumia ndani yake.

*

Wahandisi walichimba kando ya msingi, wakakuta mawe makavu, imara. Ugonjwa wote ulikuwa umetoka juu. Kikao kikakaa, na mlango wa Shangazi na wa Mjomba yote miwili ikapigwa alama ya njano. Mtaa ulipiga vigelegele kana kwamba kuna arusi.

Lakini mti ulileta kesi. Mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe kueleza kwamba utakatwa, gata jipya litawekwa, paa lizibwe. Hakumaliza kusema.

"Mti haukatwi," alisema Shangazi.

"Haukatwi!" alinguruma Mjomba.

Mkuu alijaribu kufafanua. Kila alipofungua mdomo kwa huyu, yule alikuwa ameshadakia. Walimaliziana sentensi. Walimshambulia kwa zamu kama watu waliofanya mazoezi, na Sentimita, aliyekuwa kando ameshika ramani, aliona kwamba jambo la kwanza ndugu wale kukubaliana tangu msiba wa baba yao lilikuwa kuupinga Wakala.

Aliwachukua pembeni, akawaonyesha kwa tochi mizizi ilivyokwishaingia kwenye viungo vya mawe, upande wa Shangazi mmoja mnene kama mkono. "Ukiachwa utaisukuma nyumba mpaka ilale. Sitawadanganya." Wakainama, wakatazama. "Lakini paa si lazima lizibwe," aliendelea. "Chumba kinaweza kubaki ua. Wazi juu, milango miwili, mwanga na hewa kwa nyumba zote mbili. Gata litazunguka pembeni. Nimeshachora."

Alikuwa ameshachora kweli, kabla ya kumuuliza Mkuu. Mkuu alimtazama kwa jicho la pembeni, akaipokea ramani, akaitazama kwa muda, na hakuikataa.

Mti ulikatwa. Shangazi hakutaka kuona, alikwenda sokoni. Mjomba alibaki mpaka tawi la mwisho likatoka, akawasimamia wakataji na kuwakosoa kila kitu.

Kisha yakaja mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Wakala ulikuwa ukikarabati nusu ya nyumba kwanza, ili wenyewe wasihamishwe mbali. Upande wa Mjomba ulipoanza kubomolewa lipu, yeye na watu wake wakahamia kwa Shangazi, wakipitisha magodoro katikati, kwenye milango iliyokuwa bado haina mbao. Jiko moja, bafu moja, familia mbili.

Sentimita alipopita siku moja kukagua mteremko wa gata jipya, alisikia makelele tangu barabarani. Akapanda ngazi haraka, akachungulia kutoka juu. Chini, kwenye ua mpya, kaka na dada walikuwa wamesimama uso kwa uso, mmoja ameshika ncha hii ya kamba ya nguo na mwingine ncha ile. Mjomba alitaka kamba ifungwe kwa urefu wa chumba. Shangazi alisema ikikaa hivyo watu watapigwa na shuka nyevu usoni kila wanapopita.

"Jamani, kuna nini?" Sentimita akauliza kutoka juu. "Kuna tatizo la vipimo?"

Wakainua nyuso zao kwa pamoja, wakikunja macho kwa mwanga.

"Wewe endelea na gata lako, mwanangu," alisema Shangazi. "Haya ni ya kifamilia."